Bolti ya Kumi na Tisa

Sinau, mwezi wa saba, saa nne za usiku,
na zege la uani bado lina moto wa adhuhuri.
Nimelala chali juu ya boksi la friji,
Patroli ya marehemu baba juu ya pua yangu
imesimama kwenye stendi nne za kuazima.

Biju wa Sanaya alitaka riali sitini,
injini inyanyuliwe, wiki nzima.
"Riali sitini kwa karai la bati?" mama akamwambia
kwa Kiswahili. Biju akatikisa kichwa.
Walielewana vizuri sana.

Basi ni sisi:
mimi chini,
Muhanna, mtoto wa dada, kashika trei,
na mama kwenye kiti cha plastiki na tochi
inayomulika kila kitu ila ninapopataka.

Kwanza kumwaga. Oili ilitoka nyeusi, baridi,
haina haraka na mtu:
gari halijawashwa tangu arubaini yake.
Halafu spana namba kumi.
Ya tano ililia kama mlango wa ghala.
Ya saba imejificha nyuma, penye giaboksi,
mkono haupenyi, jicho halifiki,
unaitafuta kwa vidole
kama pete iliyodondokea kwenye unga.

Muhanna anahesabu kwa Kiarabu.
Hesabu kwa chetu, namwambia.
Sita, saba, anaruka nazo, ni zake pia;
nane inamkwama kooni kama mwiba wa changu.
Tukacheka, tukaacha kuhesabu.

Zote zimetoka na sampu haibanduki.
Nagonga kwa nyundo ya mpira.
Wapi.
Hakuna chuma kinachoishika sasa,
ni silikoni tu na ukaidi wake.
"Ndiye huyo," mama anasema. "Akiziba, kaziba."
Akaniletea kisu chake chembamba cha samaki.
"Ukikipinda, utakikunjua mwenyewe."

Naingiza ncha ufani, ukucha kwa ukucha,
jasho linanitiririkia masikioni,
mpaka upande wa kushoto ukaguna
na sampu nzima ikanishukia kifuani
pamoja na kikombe cha mwisho cha oili, shingoni.
Nikatema. Mama akasema "pole" na huku anacheka.

Ndani: tope kama halua iliyoungulia sufuriani,
vumbi la shaba la beringi,
kipande cha plastiki sijui cha nini.
Na ukingoni, kwenye silikoni nyekundu iliyokauka,
alama ya dole gumba.
Mistari yote ipo.
Na ule mkato wa mshazari, wa msumeno,
mwaka tulipohama Wete.

"Umekuta nini?"
"Uchafu."
"Mwingi?"
"Wa kawaida."

Gasketi mpya hukaa juu ya bati tupu.
Ukibakisha hata chembe ya ile ya zamani
oili itapatafuta hapo, na itapapata.
Nikakwangua. Nilianza mbali,
nikazunguka pembe zote,
nikafika pale mwisho, kisu kimeshakuwa butu.
Sikupumzika. Sikuharakisha.

Saa saba tukaanza kurudisha.
Muhanna ananipa moja moja, anajikaza:
"Kumi na saba. Kumi na na... nane.
Basi."
Trei tupu. Gasketi ina matundu kumi na tisa.
Tukapapasa zege, tukainua boksi,
tukapekua ndoo ya oili kwa sumaku.

Mama akazima tochi.
"Msihangaike. Zilikuwa kumi na nane hizo.
Komeo la mlango wa choo lilipong'oka
alikuja na bolti mkononi, usiku kama huu,
akasema gari lina bolti nyingi kuliko linavyohitaji."

Miaka kumi na moja
tunatandaza kadibodi chini ya gari hili.

"Nilidhani mnajua," mama akasema.

Spana namba kumi haikuwepo tena kwenye trei.
Tukasikia komeo likianguka kwenye vigae,
na sauti kutoka chooni, haikwami popote:
"Kumi na tisa!"